Ekseli ya Nyuma Katika Vumbi la Katanga: Gia Ipi Ilipoteza Nguvu Kidogo?

Julai 1915 treni iliyotoka Cape Town ilifika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ikiwa imebeba boti mbili za kivita zilizoitwa Mimi na Toutou. Kila boti ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, na zote mbili zilikuwa njiani kwenda Ziwa Tanganyika kupigana na Wajerumani. Reli ilizifikisha Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia, zaidi ya kilomita 200 za pori na Milima ya Mitumba, zilivutwa na trekta mbili za mvuke, na pale trekta ziliposhindwa, makundi ya ng'ombe yaliongezwa mbele. Kuni zilikatwa njiani. Maji ya kulisha matangi ya mvuke yalipokuwa haba, wanawake wa vijiji vya karibu waliyabeba kichwani.

Wanaosimulia safari ile humsifu kamanda Spicer-Simson na wahandisi wake. Ningependa tuziangalie trekta zenyewe, hasa sehemu ya nyuma. Nguvu ya mvuke ilishuka kutoka injini hadi magurudumu kwa msururu wa gia za meno yaliyonyooka, gia juu ya gia, zikiwa wazi kwa vumbi na mchanga. Kila mahali meno yalipokutana, sehemu ya nguvu ile iliyotokana na kuni na maji ya kichwani ilipotea kuwa joto. Kwa hiyo swali la ufanisi wa gia za nyuma lilipofika Katanga, lilifika likiwa na gharama inayoonekana kwa macho.

Mara nyingi swali hili huulizwa kama jambo la maabara: mnyororo, gia za koni, gia ya skrubu au haipoidi, ipi ina asilimia kubwa? Magari ya miaka 40 ya kwanza, tangu lile la Karl Benz la 1886 hadi haipoidi ilipoingia kwenye magari katikati ya miaka ya 1920, yalilijibu kwa njia nyingi zinazopingana. Hoja yangu ni kwamba maabara inatoa nusu ya jibu tu. Ufanisi ni wa ekseli pamoja na mafuta yake, mzigo wake na barabara yake, na hapa kwetu, ambako gari lilitangulia barabara, ile nusu ya pili ndiyo iliyoamua.

Tuanze na msingi wa jambo. Meno mawili ya gia yanapokutana, yanabingirika na pia yanateleza. Kubingirika hakugharimu karibu chochote. Kuteleza ndiko kunakokula nguvu. Gia za koni, yaani pinioni ndogo inayoizungusha krauni kubwa na kuigeuza nguvu nyuzi 90, huteleza kidogo, na zikiwa zimechongwa vizuri na kulowa mafuta hufikisha asilimia 97 hadi 99 ya nguvu. Mnyororo safi uliopakwa mafuta hukaribia 98. Haipoidi, aina ya koni nitakayoieleza mbele, huwa chini kidogo, kwa kawaida kati ya 94 na 97. Gia ya skrubu ndiyo yenye wigo mpana kuliko zote: mbovu haifikishi hata 80, nzuri hupita 95. Anayesema kwa mkato kwamba skrubu hupoteza nguvu nyingi, bila kusema ni skrubu ya namna gani, hajasema kitu.

Asilimia hizi zinaonekana ndogo mpaka uzihesabu kama joto. Injini ya nguvu za farasi 20 ikipitia ekseli yenye ufanisi wa asilimia 90, nguvu 2 za farasi zinabaki ndani ya ekseli. Hizo ni kilowati 1.5, joto la kutosha pasi kubwa ya umeme, ndani ya kasha la chuma lenye lita chache za mafuta. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na yakiwa mepesi kupita kiasi utando wake kati ya meno hukatika. Hapo msuguano huongezeka na joto nalo huongezeka. Ekseli yenye ufanisi mdogo hula petroli na pia hujila yenyewe.

Mnyororo ulitawala mwanzoni. Mercedes ya 1901, gari lililoweka sura ya gari la kisasa, lilipeleka nguvu kwa minyororo miwili ya pembeni, mmoja kwa kila gurudumu la nyuma. Faida zake zilikuwa za kweli. Ekseli ilibaki pau nyepesi isiyozunguka, na dereva aliyetaka kupanda mlima alibadilisha gurudumu la meno tu ili apate uwiano mwingine. Lakini ile 98 ya maabara ilikuwa ya mnyororo uliochemshwa kwenye grisi na kufutwa. Vumbi jekundu la Katanga likichanganyika na grisi hugeuka tope linalosaga pini za mnyororo, nao hurefuka, hupiga kelele na mwishowe huruka meno. Pamoja na hayo, kwenye malori mazito mnyororo uliishi muda mrefu ajabu: Mack AC ya Marekani, iliyoanza 1916, iliendelea kuutumia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Ulikatika mbele ya macho ya dereva, na dereva aliufunga tena kwa mikono yake. Palipo na karakana moja katika mamia ya kilomita, hilo nalo linahesabika.

Hatua kubwa ilikuwa ya Louis Renault, mwishoni mwa 1898. Magari mengi ya wakati ule yalipitisha nguvu kwenye gia za gia boksi, kisha gia za koni, kisha minyororo, katika kila mwendo. Tukikadiria 97, 96 na 96 kwa hatua hizo tatu na kuzizidisha, inabaki asilimia 89 hivi. Renault alipanga gia boksi ili katika mwendo wa juu nguvu ipite moja kwa moja bila kugusa gia yoyote, iende kwa shafti hadi koni za ekseli. Hatua tatu zikawa moja. Hakuvumbua jino bora, alipunguza idadi ya mahali meno yanapokutana, na kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia hii. Mfumo wa shafti na koni ukaenea, na mwaka 1908 Ford Model T ikaupeleka duniani kote: koni za meno yaliyonyooka, krauni ya meno 40 na pinioni ya meno 11, uwiano wa 3.64 kwa 1. Zilivuma kwa sauti, lakini hazikuchagua mafuta na zilivumilia kulegea.

Sasa tuje kwenye skrubu, ambayo inastahili muda zaidi kwa sababu inadharauliwa na kwa sababu inatuhusu zaidi. Ni skrubu ya chuma kigumu inayozunguka na kusukuma meno ya gurudumu la bronzi. Karibu mwendo wote kati yao ni wa kuteleza. Kila kitu kinategemea mlalo wa uzi wa skrubu. Tuchukue msuguano wa 0.05, ambao ni wa mafuta ya kawaida. Uzi wenye mlalo wa nyuzi 10 utafikisha asilimia 77 tu, na uzi wa nyuzi 30 utafikisha 89. Mafuta bora yakishusha msuguano hadi 0.02, uzi wa nyuzi 30 hupita 95. Kwa hiyo skrubu ya winchi, yenye uzi mmoja uliolala, na skrubu ya gari, yenye nyuzi kadhaa zilizosimama, ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza hukataa kabisa kuzungushwa kinyumenyume. Ya pili huliacha gari liserereke mteremkoni na kuiruhusu injini ilishike.

Mwingereza Frederick Lanchester aliliona hilo mapema na akaiweka skrubu kwenye magari yake tangu mwanzo. Watu walipokataa kuamini tarakimu zake, alitengeneza mashine ya kupimia, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza gia zake zikapimwa katika maabara ya taifa ya Uingereza, National Physical Laboratory. Ugumu wa kipimo hicho unafaa kueleweka. Ukipima nguvu inayoingia na nguvu inayotoka, kila moja kwa kosa la asilimia 1, basi upotevu wa kweli wa asilimia 3 unaweza kusomeka kama 1 au kama 5. Tarakimu nyingi za zamani zina kasoro hiyo, na ndiyo maana wafanyabiashara wa kila upande walikuwa na namba za kuwapendeza. Mashine ya Lanchester ilipima upotevu wenyewe badala ya kutoa namba mbili kubwa. Matokeo yalizidi asilimia 95. Mjadala wa maabara ungeweza kufungwa siku ile.

Haukufungwa, kwa kuwa kilichowavuta watengenezaji kwenye skrubu hakikuwa asilimia pekee. Mabasi ya London ya aina ya B, yaliyoanza 1910, yalitumia skrubu kwa sababu ilikuwa kimya, nayo polisi ya jiji ilikuwa kali juu ya kelele. Malori yaliitaka kwa sababu nyingine kabisa: uwiano. Jozi moja ya koni hushindwa kupita 5 kwa 1 bila krauni kuwa kubwa kiasi cha kugusa visiki. Skrubu hutoa 7 au 8 kwa 1 bila taabu.

Mfano mzuri uko ndani ya kampuni moja. Ford ilipotoa lori la TT mwaka 1917, injini ilibaki ileile ya nguvu za farasi 20, lakini ekseli ya koni iliondolewa ikawekwa ya skrubu yenye uwiano wa 7.25. Injini hiyo hutoa msokoto wa nyutoni-mita 110 hivi. Kwa ekseli ya Model T, katika mwendo wa juu, magurudumu yanasukuma ardhi kwa nguvu ya karibu kilo 100. Kwa ekseli ya TT, hata tukiipa ufanisi wa asilimia 92 tu, yanasukuma kwa zaidi ya kilo 180. Sasa tupeleke hesabu hiyo barabarani. Gari la tani 1 kwenye lami nzuri linahitaji msukumo wa kilo 15 hivi ili liendelee kwenda. Kwenye udongo mwekundu uliolowa Februari linahitaji 50 au zaidi, na kwenye mchanga mlegevu hufika 150. Pale kwenye tope, tofauti ya asilimia 5 kati ya ekseli mbili ni kilo 2 au 3, wakati tofauti kati ya tope na lami ni kilo 35. Ekseli ya koni iliyoshinda maabara hukwama mchangani au humlazimisha dereva kushuka gia ya chini, na gia ya chini ina meno yake yanayokula nguvu. Ile ya skrubu inaendelea.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havikulihesabu. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa ya kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, hivyo kila gari lililoshushwa kwenye treni hapa lilikuwa limepungukiwa asilimia 12 kabla ya kutembea. Upotevu huo unazidi tofauti ya kawaida kati ya ekseli za magari ya zama zile. Mnunuzi wa Elisabethville aliyechagua kwa kusoma ufanisi wa ekseli peke yake alikuwa anaangalia sehemu ndogo ya tatizo.

Maboresho mengine ya koni nayapitia kwa haraka. Kiwanda cha Gleason cha Rochester, Marekani, kilitoa mashine ya kuchonga meno yaliyopinda, na Packard ikayatumia kuanzia 1913. Ufanisi haukubadilika sana, ila kelele zilipungua na meno yalibeba mzigo zaidi. André Citroën, aliyejenga jina lake kwa gia zenye meno ya umbo la V, aliziweka hata kwenye ekseli ya gari lake la kwanza la 1919. Magari yake ya minyororo ya mpira, yenye injini ya ujazo wa sentimita 1,452, yalivuka Afrika mwaka 1924 na 1925, na kikosi kilichoongozwa na Charles Brull kilipita Elisabethville kikielekea Cape Town. Injini ndogo kiasi hicho haikuvuka bara kwa nguvu. Ilivuka kwa gia fupi na subira.

Kisha ikaja haipoidi, nayo kutoka Gleason, na Packard tena wakawa wa kwanza kuiweka kwenye magari yao ya 1927. Ni koni iliyoshushwa: pinioni haielekei katikati ya krauni, inaingia chini yake. Shafti inashuka, sakafu ya gari inashuka nayo, na pinioni inaweza kuwa nene zaidi. Gharama yake ni kuteleza. Meno ya haipoidi yanateleza kwa urefu wao chini ya shinikizo kubwa, na mafuta ya kawaida hayahimili. Ilibidi mafuta mapya yatengenezwe, yenye kemikali za salfa zinazojenga utando juu ya chuma pale utando wa mafuta unapokatika. Tangu hapo mafuta ya ekseli yamekuwa sehemu ya ekseli yenyewe, sawa na bolti au beringi.

Hapo ndipo skrubu ilipopata adui yake mkubwa, naye hakuwa asilimia. Salfa hiyohiyo inayookoa chuma hushambulia shaba, hasa ikiwa moto. Gurudumu la skrubu ni la bronzi, mchanganyiko wa shaba ya kama asilimia 90 na bati. Sisi wa Katanga tunapaswa kulijua hili kuliko wengine wote: shaba ilitoka kwenye migodi yetu, bati lilitoka Manono, na metali hizo zikaturudia zikiwa ndani ya magari. Peugeot ilishikilia skrubu wakati karibu kila kampuni imeiacha, kwenye 203 ya 1948, 403 ya 1955 na 404 ya 1960, na iliagiza mafuta maalumu yenye asili ya mbarika, ambayo hung'ang'ania metali na hayaidhuru bronzi. Mwenye gari aliyeyafuata aliendesha kwa miongo. Aliyemiminiwa mafuta ya haipoidi kwa sababu ndiyo yaliyokuwa dukani alikuta meno ya bronzi yameliwa, kisha akailaumu skrubu.

Anayesema skrubu haikufaa kwa barabara za Afrika aangalie matokeo ya Safari Rally ya Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mara mbili, Bert Shankland na Chris Rothwell mara mbili. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Tope lilikuwa lilelile kwa wote, na baadhi ya washindani walikuwa na haipoidi zenye asilimia nzuri kwenye karatasi. Sidai kwamba ekseli peke yake ilileta ushindi huo. Nadai kwamba muundo ulioitwa mlafi wa nguvu ulipita kwenye mtihani mkali kuliko maabara yoyote. Peugeot yenyewe iliiacha skrubu ilipoleta 504 mwaka 1968: bronzi ni ghali, na kuichonga kwa usahihi ni kazi ya taratibu isiyopatana na uzalishaji wa haraka.

Swali hili halijazeeka. Malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi na Likasi hadi Kasumbalesa yana ekseli za aina mbili. Nyingine zina haipoidi moja tu katikati. Nyingine zinagawa kazi: koni katikati, kisha gia ndogo za sayari ndani ya kila gurudumu, wazo ambalo malori ya miaka ya 1910 yalilijaribu kwa gia zenye meno ya ndani. Mkutano wa ziada wa meno hula asilimia 1 hadi 2. Kwa lori linalotumia wastani wa nguvu 200 za farasi, asilimia 2 ni nguvu 4, kutwa nzima, mamia ya kilomita. Ndani ya shimo la mgodi gharama hiyo inastahili, kwa kuwa mzigo mkubwa wa msokoto unabebwa na gurudumu lenyewe na sehemu za katikati hazivunjiki. Kwenye lami ndefu ya kwenda mpakani haistahili. Mwenye malori anayenunua aina moja kwa kazi zote mbili analipa mahali fulani, ama kwa dizeli ama kwa krauni zilizovunjika, na ningemshauri atenganishe.

Hukumu yangu kuhusu magari ya mwanzo ni hii. Kwa gari jepesi, koni za Renault na Ford zilikuwa chaguo bora, na sifa kubwa ni ya njia ya moja kwa moja kuliko ya umbo la meno. Kwa mzigo mzito kwenye ardhi mbaya, skrubu yenye uzi uliosimama na mafuta sahihi ilizishinda zote, na iliangushwa na bei na duka la mafuta. Mnyororo ulistahili pale tu ambapo fundi alikuwa mbali.

Kwa wanafunzi wa Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi nina ombi. Kazi ya Lanchester inaweza kufanywa hapa kwa kipimajoto. Chukueni malori mawili yenye mzigo sawa na ekseli tofauti, yaende Likasi, kilomita 120, mpime joto la kasha la ekseli mara yanaposimama, mlinganishe na joto la hewa na kiasi cha dizeli, kiangazi na masika. Andikeni namba zenu. Na wewe mwenye 403 au 404 ambayo bado inatembea Kamalondo au Katuba, kabla fundi hajafungua kifuniko cha ekseli, soma kopo la mafuta aliloshika. Likiwa na alama ya GL-5, yaani mafuta ya haipoidi, mwambie alirudishe dukani.